Mwanasha Akataa Kufukizwa

Upepo wa kusi unapovuka nyika na kuingia Garsen mwezi wa Julai, watu wa mji huo hujua kwamba baridi imefika. Mtu wa bara aliyezoea umande wa milimani angecheka kusikia neno hilo, maana katika baridi hiyo hiyo yeye angekuwa amefungua vifungo vya shati akitafuta kivuli. Lakini ngozi haiazimwi. Wanaume wa Garsen huvaa makoti ya mitumba juu ya vikoi, wanawake hujitanda leso mbilimbili, na watoto huegemea kuta za upande wa jua asubuhi wasitake kubanduka. Mwaka wa tisini na nane baridi iliwauma kuliko desturi. Mafuriko ya El Nino yalikuwa yamepita miezi michache tu nyuma, na kuta za udongo zilikuwa hazijamaliza kutoa maji yake.

Katika baridi hiyo alikuwako mwanamke mmoja aliyekuwa akiungua.

Aliitwa Mwanasha, mke wa Jilo, mkulima wa Wenje, na binti yao Sadia alikuwa amekwisha kuolewa mbali. Alikuwa anaukaribia umri wa miaka hamsini, mfupi, mwenye viganja vilivyokomaa kwa jembe, na kwa kawaida hakuwa mwingi wa maneno. Mto ulipofurika, nyumba yao ilikwenda na maji na shamba likazikwa chini ya tope. Yeye na mumewe wakapokelewa Garsen na Swaleha, dada yake Jilo, mjane mwenye nyumba ya vyumba viwili na paa la mabati. Swaleha hakuwa mtu mbaya. Aliwapa chumba cha mbele, akawaambia wakae mpaka shamba likauke, na hakuwahi hata siku moja kuwakunjia uso kwa ajili ya chakula.

Ugomvi ulianzia dirishani. Jilo alikuwa mtu wa baridi tangu ujana wake. Hata Wenje, jua la kaskazi linapokaanga mchanga, yeye alikuwa akilala amejifunika gubigubi. Sasa kwa kuwa blanketi la msaada alilopewa kwenye kambi ya wahanga wa mafuriko lilikuwa zito na la kijivu, alilivaa mchana kama joho na usiku kama sanda, na dirisha la chumba alilisokomea gunia ili upepo usipite. Mwanasha akilitoa gunia, Jilo hulirudisha. Mwanasha akiacha mlango wazi, Jilo huamka kuufunga. Wiki zikapita hivyo, hakuna aliyelala, na wote wawili wakawa na macho mekundu. Mwishowe Mwanasha alibeba kitanda chake cha kamba akakitoa nje, akakiweka chini ya kibanda cha jikoni kisichokuwa na kuta, akatundika chandarua chake juu ya miti ya paa. Kwa mara ya kwanza tangu kuja Garsen akalala mpaka adhana ya alfajiri.

Wapita njia walimwona asubuhi, mke wa mtu, amelala uani kwenye upepo ambao wao wenyewe walikuwa wakiukimbia. Wakaanza kusema.

Joto lenyewe lilikuwa limemwanza wakati wa mafuriko. Usiku ule mto ulipoingia kijijini, watu walikimbilia tuta la barabara kwa miguu, maji yakiwafika kifuani. Jilo alibeba magodoro. Mwanasha alibeba mbuzi, jike jeupe lenye masikio meusi, akamweka mabegani na kuishika miguu yake kwa mikono yote miwili. Mbuzi wengine wote zizini walikwenda na maji. Walikaa juu ya tuta lile wakinyeshewa mpaka boti ilipokuja kuwachukua, na pale, huku watu wakigongana meno kwa baridi, Mwanasha alihisi kitu kama kaa la moto limewashwa chini ya kifua chake. Likapanda shingoni, likaenea usoni, likafika masikioni. Jasho likamtoka kichwani mpaka akashindwa kulitofautisha na mvua. Kisha likazimika, akabaki mwepesi kama mtu aliyeteremshiwa mzigo.

Alidhani ni malaria. Pale zahanati ya Garsen walimpima damu, malaria haikuonekana. Nesi aliyempokea, mama wa makamo, alimuuliza kama bado anaziona siku zake. Mwanasha akasema zilikuwa zimekatika tangu kabla ya mvua.

"Basi ni umri, mama," nesi akasema. "Wengine hupita hapo bila kujua. Wengine huungua. Litakaa mpaka litakapochoka."

Mwanasha alirudi na maneno hayo akayakabidhi kwa wifi yake. Mama yake mzazi alikuwa amefariki angali mbichi, hakufika umri huo, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumwambia mambo haya yanakuwaje. Swaleha alikuwa bado anaziona siku zake, naye akayapokea maneno ya nesi kwa mashaka.

"Umri hauji na maji, wifi," alisema. "Hili lako lilikuja na maji."

Mtu pekee ambaye Mwanasha aliweza kuzungumza naye habari za joto bila kuonewa huruma alikuwa Bishara, mama wa Kiorma aliyeleta maziwa kila asubuhi kutoka maboma ya nje ya mji. Bishara alikuwa mkubwa kuliko Mwanasha, mrefu na mwembamba kama fito, na daima alikuwa amejizongazonga: gauni, juu yake shuka, juu ya shuka mtandio mzito wa sufu, na miguuni soksi za mchezaji mpira ndani ya ndara. Akiteremsha kibuyu chake, hukaa kwanza juani kando ya kibanda.

"Wewe hukai kivulini?" Mwanasha alimuuliza siku moja huku akijipepea kwa kawa la chungu.

"Kivuli ya nini? Mimi nasikia baridi. Hii jua yenu iko juu tu, kwa mfupa haiingii."

"Na mimi limeingia kwenye mfupa likakataa kutoka."

Bishara alimtazama, akacheka kwa sauti ndogo. "Mimi zamani, damu ilikatika, baridi ikakuja. Mpaka leo. Dada yangu yeye ilimchoma, alilala nje na ng'ombe. Mungu anapima kila mtu na kibaba yake."

Mwanasha aliyapenda maneno hayo. Hakuna aliyemwita Bishara kichaa kwa sababu ya soksi zake. Watu walimkaribisha karibu na moto, wakampa chai ya tangawizi, basi. Hilo lilimkaa moyoni na kila siku likazidi kumkera.

Kilicholeta mambo juu kilikuwa kisa cha bombani. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, wanawake wamepanga ndoo foleni, kila mmoja amekumbatia mikono yake. Mwanasha alikuwa amefikiwa na zamu yake na ndoo ilikuwa imejaa. Kaa lile likawaka bila taarifa, kali kuliko siku zote, na macho yakamwingia ukungu. Hakufikiri. Aliinua ndoo yote akajimwagia kichwani, leso, gauni na vyote, akasimama pale akitiririka maji na kuvuta pumzi. Kisha akairudisha ndoo chini ya bomba.

Wanawake walisogeza ndoo zao nyuma. Miguu ya watoto ina mbio, na Mwanasha alipofika nyumbani na ndoo yake, Swaleha alikuwa tayari amesimama mlangoni amejishika kiuno.

"Wifi, umenifanyia nini?"

"Nimeoga."

"Bombani? Na nguo? Mbele za watu, na baridi hii?"

"Baridi hii ni yenu," Mwanasha akasema. "Mimi sijaiona."

Akaingia uani kuanika leso yake. Nyuma yake alimsikia Swaleha akimwita Jilo chumbani, na mlango ukafungwa. Hakutega sikio.

Siku chache baadaye alikwenda kutafuta kuni upande wa mto, akarudi adhuhuri na mzigo kichwani. Kabla hajautua alijua kuna jambo. Ndara zilikuwa nyingi mlangoni. Moshi wa ubani ulipenya kwenye matundu ya mlango. Na mbuzi wake mweupe, ambaye asubuhi alimwacha amefungwa nyuma ya nyumba, alikuwa amehamishiwa mbele, amefungwa kwenye mti kwa kamba mpya, na shingoni ana kitambaa chekundu.

Aliingia.

Chumba cha Swaleha kilikuwa kimejaa wanawake wa jirani waliokaa mkekani. Dirisha lilikuwa limezibwa. Katikati, juu ya mafiga matatu na makaa, chungu kikubwa kilikuwa kinatokota majani yenye harufu kali, na kando yake kiti kifupi. Blanketi la kijivu la Jilo lilikuwa limekunjwa juu ya kiti. Jilo mwenyewe alisimama kwenye pembe, amevaa koti, ameinamisha macho. Na kwenye kigoda cha heshima aliketi mwanamume mnene mwenye kofia nyeupe, ambaye Mwanasha hakuwahi kumwona, anajipangusa shingo kwa taulo.

"Huyu ni Fundi Omar, mganga, ametoka Kipini," Swaleha akasema kwa upole, akimshika mkono. "Ameacha shughuli zake akaja kwa ajili yako. Usiogope, wifi. Utafukizwa, pepo atapungwa, yatakwisha. Ni pepo wa maji. Alikupata siku ya mafuriko."

Mwanasha aliutua mzigo wa kuni pale pale kizingitini. Alielewa sasa mbuzi wa nini, chungu cha nini, blanketi la nini. Walitaka kumchinjia pepo mbuzi wake, kisha wamketishe juu ya mvuke, wamfunike gubigubi, yeye aliyekuwa akitafuta upepo kama mtu anayetafuta maji jangwani.

"Mmemuuliza nani?" alisema.

"Mume wako yupo," Swaleha akajibu.

"Namwona. Nauliza mmemuuliza nani, kwa sababu mimi hamkuniuliza."

Wanawake walitazamana. Fundi Omar aliinua mkono kuwatuliza. Sauti yake ilikuwa ya Kipini, laini na ya taratibu, ya mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Mwacheni aseme. Ni vyema akisema, tutamjua." Akamgeukia Mwanasha. "Salaam aleikum, ewe uliyekuja. Jina lako nani?"

"Aleikum salaam. Mwanasha binti Guracha."

"Umetoka wapi?"

"Wenje."

"Na ukiwa hapa, wataka nini?"

"Nataka mfungue dirisha."

Mnong'ono ukapita mkekani. Fundi alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. "Ndiye huyo," alisema. "Pepo wa maji kwao ni kweupe, hapendi kufungiwa."

Mwanasha alitambua mtego uliokuwa mbele yake. Akisema kwa ukali, ni pepo. Akisema kwa upole, ni pepo mjanja. Akilia, pepo analia, na akinyamaza, pepo amejificha. Neno lake mwenyewe halikuwa tena lake katika chumba kile. Alihisi hasira ikimpanda, na pamoja na hasira lile kaa, na jasho likaanza kumtoka puani na chini ya macho mbele ya wote.

"Mwaona," mwanamke mmoja akanong'ona. "Amempanda."

"Wewe Fundi," Mwanasha akasema, "hilo taulo la nini?"

Fundi Omar alilitazama taulo mkononi mwake. "Ninajipangusa jasho."

"Una joto?"

"Garsen kuna joto, binti yangu. Sisi kwetu bahari hutupepea."

"Kusi yote hii, mtu wa Kipini anatoka jasho. Na wewe umepandwa?" Hakungoja jibu. Alimwonyesha Jilo kwa kidevu. "Huyu mume wangu amevaa koti humu ndani, mbele ya makaa, na bado anatetemeka. Yeye ana pepo gani? Wifi yangu Swaleha amevaa leso moja, hana joto wala baridi, yuko sawa kwa sababu nyumba ni yake na mwili ni wake. Mtu akiona baridi kwenye jua, mnamsogeza kwenye moto na kumpa chai. Mimi nikiona joto kwenye upepo, mnaniletea mganga. Nani aliwaambia ngozi zenu ndiyo mizani?"

Chungu kiliendelea kutokota. Fundi hakukasirika. Alikuwa ameyasikia mengi zaidi ya hayo katika kazi yake, naye aliamini kabisa kazi hiyo. "Maneno mazuri," alisema. "Hao pepo husema vizuri. Kaa kitini, binti yangu."

Kisha Jilo alitoka kwenye pembe yake. Alimkaribia mkewe mpaka wakawa wanaweza kusema bila kusikiwa na wote, na hapo ndipo Mwanasha aliona kuwa mumewe amekonda, na kwamba alikuwa anaogopa.

"Mama Sadia," alisema, "miezi miwili sasa hatulali pamoja. Watu wananiuliza njiani. Mimi sijui kama una pepo au huna. Ingia mara moja tu, kwa ajili yangu, yaishe."

Hilo lilikuwa gumu kuliko ya fundi. Walikuwa wamekaa pamoja tangu yeye akiwa msichana. Jilo hakuwahi kumpiga, hakuwahi kumtukana, na kwenye mafuriko alirudi majini mara ya pili kumtafuta alipodhani amezama. Mwanasha alilichukua lile blanketi. Alilifunua ukingo wake, akainama juu ya chungu. Mvuke ukamvaa uso. Mara lile kaa likawaka kukutana nao, moto wa ndani na moto wa nje, pumzi ikamkatika, na kwa kitambo kidogo alikuwa tena ndani ya maji meusi ya Wenje asijue upi ni upande wa juu.

Aliliachia blanketi likaanguka.

"Siingii, Baba Sadia. Kwa ajili yako ningefanya mengi, na nimefanya. Hili siingii."

"Mshikeni," mwanamke mmoja akasema, na wawili wakaanza kuinuka mkekani.

"Atakayenishika," Mwanasha akasema bila kupaza sauti, "ajue ananishika mimi. Si pepo. Mimi mwenyewe, na kesho tutakutana bombani."

Waliokuwa wameinuka wakakaa.

Hapo mlango ulitiwa kivuli. Alikuwa Bishara, amerudi kuchukua kibuyu chake, na mitandio yake yote mwilini. Alichungulia ndani, akanusa, akakitazama kile chungu kwa hamu ambayo hakuificha.

"Hii moto ya nani?"

"Ni dawa," Swaleha akasema kwa mkato. "Ya wifi yangu, naye anaikataa."

"Inafanya nini?"

"Mtu anakaa juu yake, anafunikwa."

Bishara aliwaza kidogo. Kisha alivua ndara zake, akapita katikati ya wanawake na soksi zake ndefu, akaketi kwenye kile kiti kifupi. "Basi funika mimi. Yeye anasikia joto, mimi nasikia baridi. Dawa isimwagike bure."

Hakuna aliyesogea. Bishara mwenyewe aliokota blanketi akajitupia kichwani, na kutoka ndani yake ikasikika sauti ndefu ya mtu aliyefika nyumbani baada ya safari. "Haa. Hii nzuri. Hii inaingia mpaka kwa mfupa."

Mwanamke mmoja alicheka, akajiziba mdomo. Mwingine akafuata. Fundi Omar aliangalia blanketi linalofuka mvuke, akaangalia mgonjwa wake aliyesimama, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui afanye nini na mikono yake. Swaleha alikuwa karibu kulia kwa aibu. Mwanasha aliliona hilo, akamwonea huruma, lakini huruma hiyo haikumrudisha nyuma.

Alitoka nje. Alikwenda kwenye mti, akakitoa kile kitambaa chekundu shingoni mwa mbuzi, akakitundika juu ya tawi. Akafungua kamba. Kisha akaingia kibandani, akavingirisha chandarua chake na leso zake, akakiinua kitanda cha kamba kichwani, miguu ikiangalia juu. Jilo alimkuta langoni.

"Unakwenda wapi?"

"Wenje."

"Wenje hakuna nyumba."

"Najua. Ndiyo maana naenda. Mahali penye nyumba pamenishinda."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi huyu nilimtoa majini kwa mabega haya. Kama kuna pepo anamtaka, aje Wenje tumzungumzie huko."

Lori la mizigo la kwenda Hola kupitia Wenje lilikuwa bado barabarani likingoja askari wa msafara, maana siku hizo gari halikuthubutu kupita njia ile peke yake kwa hofu ya majambazi. Utingo alimtazama mama mwenye kitanda kichwani na mbuzi mkononi, akataka kutania, akauona uso wake, akaacha. Alimpandisha juu ya magunia ya unga. Lori liliposhika mwendo, upepo wa kusi ukampiga Mwanasha kifuani na usoni, abiria wengine wakajikunyata nyuma ya turubai, naye akakaa mbele kabisa, ushungi umeteremka mabegani.

Wenje alikuta mto umerudi mahali pake kama kwamba haukufanya lolote. Tope lililozika shamba lilikuwa limekauka juu na kubaki na unyevu chini, na waliotangulia kurudi walikuwa wamekwisha kupanda mahindi. Yalikuwa yamestawi kuliko miaka yote. Mwanasha alipewa mbegu na jirani, akaanza na jembe la kuazima. Baada ya kupanda akakata nguzo, akaomba vijana wamsaidie kusimamisha paa na kuliezeka kwa majani ya mkoma. Vijana walipomaliza paa wakaleta fito za kuta.

"Hizo rudisheni," aliwaambia.

"Mama, nyumba bila kuta?"

"Mnaijenga ya nani?"

"Yako."

"Basi imekwisha."

Wakasema sana kijijini. Wengine walisema amechanganyikiwa tangu mafuriko, wengine wakamwonya juu ya nyoka na fisi. Alifagia uwanja ukawa mweupe pande zote ili kinachokuja kionekane, akamfunga mbuzi karibu, akatundika chandarua, akalala. Joto lilikuja kila siku kama lilivyotaka. Likija, hulikuta limefunguliwa pande nne, likawaka, likapita. Alipokuwa shambani alisimama akaegemea jembe, akangoja, akaendelea. Kumbe lilikuwa jambo dogo, mtu akiachiwa nafasi yake ya kulipitisha.

Mahindi yalipoanza kutoa mbelewele, Jilo alikuja. Alikuwa na koti, na blanketi la kijivu limekunjwa begani. Alisimama ukingoni mwa uwanja uliofagiwa, akaizunguka nyumba kwa macho.

"Hodi," alisema. "Sijui nibishe wapi."

"Umefika. Karibu."

Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Mwanasha alimletea maji na hindi la kuchoma kutoka shamba la jirani, naye akala akamaliza.

"Swaleha ana uchungu," Jilo akasema. "Anasema ulimwaibisha mbele ya mgeni."

"Nitakwenda kumwomba radhi kwa aibu. Kwa kukataa, siombi."

"Fundi anasema hakufanya kazi, kwa hiyo bado unaye."

"Baba Sadia, umekuja kunichukua au umekuja kukaa?"

Jilo alitazama mto. Upepo ulimwinua ukosi wa koti, akaushika. "Nimekuja kukaa. Lakini hapa ndani mimi nitakufa. Hii si nyumba, hii ni njia ya upepo."

"Jenga yako."

"Nyumba mbili, uwanja mmoja? Watu watasema tumeachana."

"Si walisema nina pepo? Wamechoka kusema hilo, wape lingine."

Jilo alicheka bila kutaka, na kicheko hicho kiliwachukua wote wawili, kwa sababu kilikuwa kimepotea muda mrefu. Kesho yake alianza kukata fito. Alijenga kajumba kafupi, akakakandika udongo mara mbili ndani na nje, akakawekea mlango wa kuingilia kwa kuinama, na dirisha hakuweka kabisa. Mwanasha aliingia mara moja kukaona, akatoka kabla ya kumaliza kuketi. Jilo naye alijaribu kulala kwa mkewe siku moja, akaondoka alfajiri na mafua. Wakaacha kujaribiana. Chakula walikula pamoja uwanjani, yeye akiwa na koti lake upande wa moto, Mwanasha upande wa mto. Na usiku fulani fulani, wala hakuna aliyehitaji kujua ni zipi, mmoja alimtembelea mwenzake kisha akarudi kwake kulala.

Walivuna. Ilipofika Idi, Swaleha alikuja kutoka Garsen na kikapu cha tende. Mwanasha alimwomba radhi kwa aibu ya siku ile, kama alivyosema atafanya, na Swaleha akaipokea. Wakakaa chini ya paa lisilo na kuta, wakala, wakapeana habari za watu. Baadaye Swaleha akashusha sauti.

"Wifi, hilo joto bado?"

"Bado. Limepungua kidogo, halijaisha."

"Kule Garsen wangali wanasema ni yule wa maji. Wanasema ukikubali hata sasa, haijachelewa."

Mwanasha aliinuka akachukua jembe lililoegemea nguzo. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na alikuwa na tuta la kumaliza.

"Nimewasikia," alisema. "Wasalimie sana. Waambie nimekataa."